Maji ya Kifundoni

Nimezaliwa Nansio, nyumba ya tatu kutoka gatini.
Kuogelea sikufundishwa, kama nisivyofundishwa kupumua.
Nikiwa darasa la tano mtumbwi wa mjomba Mazigo ulipinduka
na magunia mawili ya machungwa,
nikarudi ufukoni na chungwa moja mdomoni.
Sasa nicheke, nisicheke?
Ziwa lote hili halikunivunja.
Limenivunja bomba.

Ilikuwa meli ya starehe, imetia nanga Kapripointi wiki mbili,
nyeupe kama jino la bandia.
Juu kabisa, karibu na bwawa la watoto,
wameweka mashine ya mawimbi:
mteremko wa mpira, pampu zinakoroma chini yake,
maji yanasukumwa kupanda kilima
mchana kutwa, wala hayafiki popote.
Kina chake? niliuliza.
Kifundo cha mguu, kaka. Hata mbuzi hazami.

Kweli, mbuzi hazami. Mbuzi ana akili, hapandi.

Kija wa kaunta akanipa fomu.
Kurasa mbili, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
shingo, bega, meno, uti wa mgongo,
viungo vyangu vyote vimetajwa kimoja kimoja
kama nyama ya buchani,
na chini kabisa: kwa hiari yangu, sitadai.
Mimi ni mwalimu. Kila siku nafoka, someni swali kwanza!
Nikatia sahihi kwa mkono wa kulia,
na mkia mrefu chini ya jina, wa madaha.

Kijana wa filimbi alinionya jambo kabla sijapanda.
Muziki ulikuwa juu.
Ukianguka usitangulize nini, sijui nini,
nilidaka neno moja tu, mkono,
nikampungia.

Nilisimama sekunde nne.
Nazihesabu mpaka leo, hesabu ndiyo kazi yangu.
Ya kwanza, shemeji Leokadia anapiga makofi.
Ya pili, naliona ziwa kule chini, la kijivu, limelala,
halina habari na mimi.
Ya tatu, nimelisahau.
Ya nne, ubao ukachomoka kama sabuni.
Ubao ninaoujua mimi umepigiliwa ukutani, haukimbii.

Aliyekulia ziwani akianguka hunyoosha mkono,
maji humpokea. Kosa langu lote ni hilo.
Chini ya inchi tatu za maji hapakuwa na maji.

Sikusikia maumivu. Nilisikia sauti,
chaki mpya inapokatika.
Kisha mkondo ukanizoa, miguu juu, kaptula magotini,
ukanitupa nyuma kwenye wavu
walikosimama watu na simu zao.

Hospitalini tulikuwa watatu wa meli ile ile, benchi moja.
Mama wa Igoma, bega limehama mahali pake,
ameshika kiwiko kama anayebeba mtoto wa mtu.
Mvulana wa chuo, jino lake amelikunja
ndani ya noti ya elfu moja.
Hatukusemeshana. Tulitazama viatu.
Sista Pulkeria akainua picha dirishani, akanyoosha kidole
penye ufa mwembamba kama unywele.
"Uliangukia wapi?"
"Majini."
Akanitazama. Akaandika: majini.
Akaongeza alama ya kuuliza.

Hogo wiki sita.
Karo, sahihi za ripoti, vifungo vya shati,
vyote vinasubiri.
Kushoto kunajifunza kuandika nikiwa na miaka arobaini na mitatu.
Jana, Kidato cha Pili B, nilichora mstari wa namba.
Ukapinda, ukapanda, ukashuka.
Nyuma ya darasa mtu akanong'ona: wimbi hilo.
Sikugeuka. Niliwaacha wacheke,
nikabaki na chaki hewani
nikitafuta sifuri niiweke wapi.